Sifa za Treni Isiyo na Haraka

Washairi wamekwisha kuwasifu farasi, majahazi na wanariadha, yaani vyote vyenye mbio. Mimi nimeamua kuisifu treni ya asubuhi ya abiria wa mjini. Ubao wa stesheni unasema inapita saa kumi na mbili na nusu. Wenyeji wanajua inapita ikipita.

Dar es Salaam ilipata treni za namna hii Oktoba 2012, na wananchi wakazibandika jina la Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Zinapita kwenye reli za njia moja, hivyo inayokwenda haina budi kusimama kuisubiri inayokuja, na pengine zote mbili zinaipisha ya mizigo. Tazameni adabu hiyo! Barabara ya Mandela saa hizo, nani anampisha nani?

Kungoja kumetuelimisha. Yupo mzee kwetu ambaye honi ikilia mbali huinua kidole, akasikiliza, kisha akarudia kahawa yake: "Mizigo hiyo." Hakosei. Kijumbe wa upatu hana haja ya kumwinda mtu nyumbani, kwa sababu wachezaji wote wamesimama mbele yake na hawana pa kukimbilia. Kisha kuna kinga ya kazini. Wa daladala akichelewa sharti atunge: foleni, pancha, msiba. Sisi tunatamka "treni" tu, na bosi anatupungia mkono tuingie. Ni kweli kwamba kibarua wa kutwa akifika saa mbili anakuta koleo lake liko mikononi mwa mwingine, na huko hapungiwi mkono na mtu. Lakini kibarua hajawahi kuulizwa maoni yake juu ya jambo lolote. Sifa hizi nazo hazitamngoja.

Wako waliokosa neema hii. Japani treni ikichelewa dakika chache, stesheni hutoa cheti cha kuchelewa ukamwonyeshe mwajiri. Kwetu cheti hicho kingetaka kiwanda chake cha karatasi. Novemba 2017 kampuni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati, na wala hakuna abiria aliyekuwa amelalamika. Watu wanaohesabu sekunde wanaishi na hofu, na hofu ina gharama. Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki, dereva aliyekuwa nyuma ya ratiba kwa kama dakika moja na nusu aliingia kwenye kona kwa mwendo wa kasi mno. Walikufa watu 107, naye akiwamo. Hapo hata mimi mzaha unanishinda. Dereva wa kwetu, nusu saa nzima haijamtoa jasho.

Wajerumani, walioanza kujenga Reli ya Kati hapa Dar mwaka 1905, siku hizi kwao treni iliyochelewa chini ya dakika sita huandikwa kuwa imewahi. Wanajifunza, taratibu.

Lawama yangu kwa treni yetu ni moja. Asubuhi fulani ilitokea saa kumi na mbili na nusu kamili, bila kumwarifu mtu. Nusu ya abiria tulikuwa kwa mama ntilie, chapati zinageuzwa. Waliokimbia walikimbia na vikombe vya watu. Tuliobaki tuliitazama ikiishia kwenye kona, tukaapa kwamba dharau hii haiwezi kupita hivihivi. Tukaenda kwa pamoja dirishani, tuombwe radhi kama Wajapani. Dirisha limefungwa. Ndipo mmoja wetu alipokumbuka kwamba mkata tiketi tumemwacha kulekule kwa mama ntilie, zamu yake ya chapati ilikuwa haijafika.