Mwenye Honi Ana Haki

Huko Ulaya, wanaoteleza thelujini kwa mbao mbili hawaishi kulumbana na wenzao wa ubao mmoja juu ya mteremko, ilhali kanuni ipo tangu 1967: ajaye nyuma ndiye amchunge aliye mbele. Waje Busia, mpakani, wasomeshwe.

Hapa baiskeli ndizo zilizotangulia, miaka ya 1960, kuvusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Zikaja pikipiki, zikawakuta wazee hao barabarani, zikawaamkia kwa honi. Leo zote mbili zinagawana lami na malori, mikokoteni na baiskeli za mikono za wachuuzi wenye ulemavu. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2018, kilipatanisha mihuri ya serikali mbili, magurudumu hayakualikwa.

Kanuni yetu? Mwenye honi ana haki, mwenye kengele ana subira. Kofia ngumu, usitutukane, tunazo: hiyo hapo kwenye usukani, inamsubiri askari.

Ukifika Tororo, upande wa Uganda, uamkie ule mwamba wake. Kando ya barabara nzima, ni huo tu usiokata kona bila ishara.