Mlima Uliomwitikia Mgeni Rasmi

Katika ala zote za muziki ambazo mwanadamu angeweza kuzitia nyaya za umeme, sidhani kama ipo isiyouhitaji msaada huo kuliko endara ya Wakonzo, ile marimba kubwa ya mbao zilizolazwa juu ya mashina mabichi ya migomba, ambayo wapigaji kadhaa huizunguka pamoja na kufumanisha mapigo yao hata msikilizaji asijue lipi la nani. Walakini jamaa wa maigizo wa Maliba, chini ya Rwenzori, walikwisha kata shauri kwamba Kitasamba, mwenye enzi wa theluji, azungumze kwa radi, na radi hiyo itoke endarani.

Basi nikatundika taa ndani ya mlima wa magunia na chokaa, na chini ya ubao mkubwa wa endara nikabandika kisahani cha shaba kigeuzacho mtikisiko kuwa umeme kidogo, kikapeleka habari kwa Arduino, ile kadi ya kompyuta iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na ambayo, naapa, haikuumbwa kwa ajili ya utomvu wa mgomba.

Kisahani kile kina masikio lakini hakina adabu: hakibagui pigo la mwanamuziki na kishindo chochote cha jukwaa. Mgeni rasmi, ambaye taadhima yanizuia kumtaja, alipanda kuhutubu na bakora yake mkononi. Akaahidi barabara ya lami, akagonga mbao, mlima ukamulika. Hadhirina wakapiga vigelegele. Akaahidi daraja juu ya mto Mubuku, akagonga, mlima ukaridhia. Zikafuata zahanati, maji ya bomba, na mbuzi wa kisasa kwa kila kaya, maana ni nani aliyepata kuungwa mkono na Rwenzori nzima kisha akaweza kunyamaza? Nilitamani kuchomoa waya, lakini sikumwona hata mtu mmoja ambaye angenisamehe.

Kumbe utomvu wa migomba ulikuwa ukichuruzika taratibu juu ya kisahani. Endara ilipoanza kwa hakika, pigo la kwanza likatikisa hata viti, na mlima kimya.

“Fundi,” akauliza mzee wa endara bila kusimamisha fimbo zake, “mungu wako kasinzia? Mpe mjukuu wangu tochi.”

Kijana akatambaa nyuma ya magunia, na kwa kuwa wimbo ule aliusikia tangu mgongoni mwa mama yake, hakukosa radi hata moja.

Jioni karani wa mgeni rasmi akanijia kuulizia ujira wa kuupeleka mlima katika mkutano wa Bwera. Nikamwambia kijana wa tochi yuko tayari, na malipo yake ni soda.

“La, fundi,” akasema, “twautaka kama ulivyokuwa wakati wa hotuba.”