Saa Sita ya Nani?

Kwa miaka mitatu kijana mmoja wa Marangu alipanda Kilimanjaro na mizigo ya wageni kichwani, kilo 20 zilizopimwa getini, huku Kiingereza chake kikiishia kwenye "hello" na "slowly". Alipotaka kuwa msaidizi wa kiongozi wa msafara, aliambiwa akasome kwanza. Akajiandikisha darasa la jioni, Moshi mjini.

Huko ndiko alikokutana na wakati ujao wenye hali ya kuendelea. Mwalimu aliandika ubaoni: "We will be walking." Akaeleza kwamba ikifika saa iliyotajwa, kitendo kitakuwa kimeanza na hakijaisha, Waswahili nao husema "tutakuwa tukitembea". Sentensi hiyo ikamkaa kijana mdomoni kama kipande cha muwa. Aliporudi mlimani, kila kituo akakitungia yake: Mandara, mita 2,720, "we will be eating", Horombo, mita 3,720, "we will be resting".

Alizidisha kidogo. Hapo Horombo aliwaahidi wageni, "You will be liking the soup," ingawa mwalimu alikwisha kuonya kwamba vitenzi kama kupenda na kujua havitaki hiyo "-ing". Wageni wakacheka, supu ikanywewa.

Balaa lilikuwa Kibo. Kutoka kwenye vibanda vya hapo, safari ya kileleni huanza saa sita usiku, changarawe zikiwa zimeshikana kwa baridi, ili mapambazuko yawakute watu karibu na Gilman's Point. Baada ya chakula kijana akasimama, akakohoa, akatoa sentensi isiyo na doa: "At six o'clock, we will be walking to the summit."

Wageni wakashangilia. Usiku mzima wa kulala!

Saa tano na nusu akagonga mlango. Kimya. Akagonga tena. Mama mmoja Mwingereza, kofia ya sufu imemshuka hadi puani, akachomoa mkono kwenye begi la kulalia na kumwonyesha saa yake.

"You said six!"

"Yes, six!" akajibu kijana, kidole kikiwa juu ya tarakimu 12.

Wakatazamana. Sarufi ilikuwa sawasawa. Saa ndizo zilizopishana. Yake ilianza kuhesabu jua lilipozama, ya mama ingeanza saa sita usiku. Saa saba iliwapita wakitafuta soksi. Jua likachomoza wangali kwenye changarawe, hatua mbili mbele, moja nyuma. Hata hivyo walifika kilele cha Uhuru, mita 5,895.

"Mdogo wangu," kiongozi wake alimwambia wakishuka, "hiyo 'will be' yako ni nzuri sana. Ila siku nyingine waonyeshe na mshale."

Nyumbani alimkuta mama yake mgombani.

"Kesho utanisaidia kuchuma kahawa?"

"Ndiyo, mama. Saa mbili nitakuwa nikichuma."

Habari zilikuwa zimeshuka mlimani kabla yake. Mama akaweka jembe chini.

"Saa mbili ya kwetu, baba, au ya wageni?"