Ndoo Moja Kila Mgeni

Mwenye harusi ni mpwa wangu, lakini aliyetolewa nyumbani ni mie. Wageni wa Lamu walichukua sebule, wa Maskati wakachukua chumba changu pamoja na pangaboi, na mama watoto akaniarifu, kwa sauti isiyongoja jibu, kwamba amenichukulia chumba gesti, hapo nyuma ya Ndia Kuu, na nisifanye makuu. Kutoka mlangoni kwangu hadi hiyo gesti, mtu akipiga chafya huku, kule wanamwombea rehema. Nikatwaa mswaki, kikoi na tasbihi, nikawa mtalii.

Kijana wa mapokezi, mtoto wa bara mwenye adabu zake, alikuwa ndiyo kwanza ateremke garimoshi Miritini juma lile. Akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Kibokoni. Akaandika kitabuni, kisha akauliza, "Mzee, hiyo ni kaunti gani?" Akanipa ramani iliyotiwa duara jekundu penye Fort Jesus, akanionya nisizurure vichochoroni usiku. Vichochoro hivyo ndimo nilimochezea kibe.

Chumba changu kilikuwa na jina mlangoni: Sultani. Ndani mna samadari ya nguzo nne, kasha la misumari ya shaba ambalo halifunguki, na dirisha la kuonea bahari, ilimradi ujitokeze nje mpaka kiunoni na jirani wa mkabala akustahimili. Kando ya kitanda wameweka viziba masikio ndani ya kikombe, kwa ajili ya adhana ya alfajiri. Nimezaliwa na adhana, na msikiti wa Mandhry, uliopo tangu 1570, haujanidhuru hata siku moja. Kilichonirusha kitandani ni pampu. Maji ya mgao huja usiku wa manane, na yakija kila nyumba huwasha pampu yake ili iyavute kabla ya jirani. Mtaa mzima unanguruma. Mwenye pampu kubwa anajaza tangi, mwenye ndogo anavuta upepo. Pampu ya gesti yetu, kwa jinsi nilivyoisikia ikikohoa, ni ya ukoo wa upepo.

Maana bafuni mna shawa ya kung'aa, imetoka Dubai, na chini yake ndoo. Ukutani pamebandikwa karatasi: NDOO MOJA KILA MGENI. Shawa ile ni ya kupigia picha. Ukitaka zaidi, uani kuna kisima, ila maji yake ni ya chumvi. Sabuni inakataa povu na kukushika mwilini kama gundi. Ukijisuuza kwa hayo unatoka bafuni mchafu wa aina nyingine.

Msije mkadhani namlaumu mwenye gesti peke yake. Maji matamu ya kisiwa hiki ni maji msafiri. Yale ya chemchemi za Mzima hutoka Tsavo Magharibi, mvua ya vilima vya Chyulu ikishachujwa na mawe ya volkeno, yakaja kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950, safari ya kilomita zaidi ya mia mbili. Viboko wa Mzima wanaoga mchana kutwa bila mtu kuwahesabia ndoo. Kisha Voi wanachota, miji ya njiani inachota, na wale waliotoboa bomba kimyakimya nao wanachota, na usiwaulize. Kinachovuka Makupa kuingia kisiwani ni salamu tu.

Nimechutama mbele ya ndoo yangu, nikawafikiria Wareno. Walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Cairati, hawakungoja bomba la mtu: walijijengea humo humo ndani birika la kukinga maji ya mvua. Waomani walipowazingira Machi 1696, ngome haikuanguka mpaka Desemba 1698, na wengi wa waliokufa ndani waliuawa na maradhi. Gesti hii ikizingirwa Jumatano, haifiki Ijumaa.

Chumba cha pili, kiitwacho Vasco da Gama, alikaa bwana mmoja Mgabra kutoka Kalacha, kule kaskazini, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Alikuja kuhudhuria semina ya ukame. Ndiyo, ya ukame, na ilifanyiwa hoteli ya ufuoni, ukumbi unaotazama bwawa la kuogelea. Yeye, kwa kuitunza posho yake, akaja kulala kwetu. Asubuhi tulikutana kwenye ujia, kila mtu na taulo yake begani.

"Mzee," akaniuliza kwa upole, "ukame wa hapa umeanza lini?"

Nikamweleza kwamba hapa hatuna ukame, tuna mgao. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama walivyomfundisha semina. Kisha akanisimulia kwamba kwao watalii hufika kuona jangwa na ngamia, hulala lojing ya mabati, na wanalalamika sana: jua, upepo, nge viatuni. La maji hajalisikia. Chemchemi inatoka pale pale, kwenye mikoche, usiku na mchana, na ngamia wanakunywa mpaka wanageuka wenyewe. "Mzungu akija kwetu," akasema, "anaoga kabla ya kula, na akishakula anaoga tena."

Niliona haya kwa niaba ya bahari nzima.

Hao wageni wangu wa Maskati nao ni hivyo hivyo. Nchi yao haina mto wa kutiririka mwaka mzima, lakini bahari wanaitoa chumvi kiwandani na kuitia bombani, basi wanakaa bafuni mpaka vidole vinakunjamana. Bahari hiyo hiyo inatulowesha sisi ngazi za bandari ya kale, na mtambo wa kuitoa chumvi tunausikia hotubani: leo uko Likoni, kesho Shanzu.

Staftahi sitaisema sana. Slesi mbili za mkate mweupe, yai jembamba, jemu ya pakiti. Chini ya dirisha mama mmoja anakaanga mahamri, na mbaazi za nazi zinanukia mpaka kwa Sultani. Nikauliza mbona hatuletewi zile. Kijana akasema wanachelea tumbo la mgeni lisije likachafuka. Tumbo langu!

Jamaa wa Kalacha aliondoka semina haijafungwa. Alisema mada ya ukame imeshamwingia vizuri, sasa anarudi jangwani akaoge. Ndoo yake ya siku ile akaniachia mie, imejaa pomoni, haijaguswa. Nikaibeba kwa mikono miwili kupita mapokezi ya juu, pole pole, kijana asinione, nikaingia chumbani, nikafunga mlango kwa funguo. Sijamaliza kufungua kikoi, simu ikalia. Mama watoto. Wageni wa Maskati wameoga mpaka tangi linatoa hewa, biarusi hajaoshwa hina, mkokoteni wa maji haujapita tangu jana, na je, huko gesti kuna maji?

Nikamwambia hapa hakuna hata tone, na simu nayo inakwisha chaji.