Baridi Gani Vingunguti?

Aliyeuita ugonjwa huu baridi yabisi hajawahi kulala Vingunguti chini ya bati mwezi wa Januari. Baridi gani? Jasho linatiririka, feni inazungusha joto lilelile, na bado naamka vidole vimekakamaa kama miguu ya kuku aliyetolewa kwenye friza. Saa nzima inakatika ndipo nifunge kifungo cha shati.

Kwa kuwa naishi jirani na machinjio, mtaa ulishatoa hukumu: "Mzee, hiyo gauti. Punguza nyama." Mimi, ambaye nyama naipata kwa harufu! Gauti mara nyingi huanzia kidole gumba cha mguu. Hii yangu imekamata mikono yote miwili, bila upendeleo, na daktari kaniambia ni kinga ya mwili iliyogeuka kushambulia viungo. Yaani mgambo wangu mwenyewe ndio wanaonipiga virungu.

Sasa limezuka la pili. Juzi kwa wakala nilikosea namba ya siri mara tatu, akaunti ya simu ikafungwa. Kijana akaniangalia kwa huruma: "Pole babu, umesahau." Sijasahau! Kidole kimevimba, kinabonyeza tano na nane kwa mpigo. Nyumbani nako mama watoto kaanza kunong'ona na wanangu. Nikiingia wananyamaza.

Nikalipeleka hilo nalo kwa daktari. Akasema maumivu ya muda mrefu huiba usingizi na umakini, na kumbukumbu nayo huyumba. Si lazima iwe uzee umefika. Nikamwelewa kwa daladala: siti ni zilezile, maumivu yamepanda tangu Buguruni, yamekalia nne peke yake na hayashuki kituo chochote. Majina ya wajukuu yananing'inia mlangoni.

Halafu mtu huyohuyo wa kusahau ndiye anayepewa methotreksati, dawa ya kumeza mara moja tu kwa wiki! Ukijisahau ukaimeza kila siku, inageuka sumu ya kuua. Nani alikaa akalipanga hili? Mjukuu kaniandikia ukutani kwa mkaa, herufi kubwa: IJUMAA. Bibi yake kagomba kutwa kuhusu rangi ya ukuta.

Leo ni Jumatano. Nimeuliza watu wawili.