Rangi Zina Wenyewe

Kikundi kimeamua kuigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, na kikao cha maleba kinaingia saa ya tatu. Kijani na njano? Watu watauliza kama ni kampeni au ni Yanga. Nyekundu na nyeupe? Nusu ya ukumbi itashangilia Simba, nusu itazomea, na Wajerumani hawajaingia bado. Fundi cherehani akapendekeza kaniki, nguo iliyovaliwa kweli zama za Majimaji, 1905. Akaambiwa haitoki vizuri kwenye picha za simu. Mto Rufiji ni turubai la buluu la kuazima, lenye nembo ya mfadhili katikati. Mfadhili ameomba maji yasikunjwe. Kinjeketile ataibukia hapo hapo, chini kidogo ya namba ya huduma kwa wateja.