Tumbili, Mahamri na Saa Iliyokaa Simuni

Ugomvi wa nyumba yetu ya Ukunda ulianzia kwenye busu. Vijitu viwili ndani ya simu ya binti wa kaka yangu vilibusiana jikoni, kaka akaviona.

"Hawa wameoana?"

"Bado, baba."

Kesi ikaenda mpaka Isha. Kaka alishtaki mavazi, alishtaki wasio na nikahi kuishi chumba kimoja. Wifi yangu akatetea: ni vikatuni tu.

Mchezo wenyewe ni The Sims FreePlay, uliotoka mwaka 2011: unajenga nyumba, unaweka watu, unawalisha, unawalaza, unawapeleka kazini. Asili yake ni mchezo wa kompyuta wa mwaka 2000 wa Will Wright, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto wa Oakland, California, mwaka 1991, ikambidi aanze upya hadi vijiko. Naupenda kwa asili hiyo.

Usiku ule hakuna aliyeuliza habari za saa. Katika mchezo huu, ukimlaza mtu wako, analala kwa saa za kweli. Ukipanda mboga, unangoja saa za ukutani, kisha simu inalia kukuita. Usipoweza kungoja unatoa pointi, na pointi zinauzwa kwa pesa halisi.

Jumamosi tulikuwa na hitima Msambweni. Wifi alikuwa ameshaepua karai la mwisho, mahamri yamepangwa kwenye sinia, kawa juu, naye akaenda kuoga. Binti akaachiwa ulinzi, maana huku kwetu Ukunda na Diani dirisha likiwa wazi tumbili habishi hodi. Simu ikalia chumbani: keki ya mle ndani imeiva. Akakimbilia keki. Aliporudi, kawa iko sakafuni, tumbili mmoja keshafika mwembeni na mahamri mawili, mwingine amekaa juu ya jokofu, amelipasua lake na kulinusa iliki kabla ya kutafuna.

Tulifika Msambweni na mikate ya dukani. Wenyeji walitupokea vizuri, lakini wifi hakusema neno njia nzima ya kurudi.

Jioni nilimweleza kaka habari za Marshall McLuhan, mwanazuoni wa Kanada, ambaye katika Understanding Media, mwaka 1964, alishikilia kwamba chombo chenyewe hututengeneza upya zaidi kuliko yale kinayoyabeba. Tumekesha na busu, nikamwambia, kumbe kilichoingia nyumbani ni saa. Tulikuwa nazo zetu tangu hapo: mama anapika kwa adhana, wavuvi wa hapa wanakwenda na bamvua na maji mafu. Lakini adhana inatuita sote, na maji yakipwa yanampwea kila mtu. Hii ya simuni inamwita mtoto mmoja, inamtoa jikoni peke yake, na mwenye nayo anapata faida kila mtoto anapokosa subira.

"Kwa hiyo busu ni halali, dada?"

"Busu tutalizungumza. Kwanza tuzime milio."

Tukaizima. Sasa binti anawalaza watu wake kabla ya Magharibi, anakuja kumsaidia mama yake kukanda, na simu inabaki chumbani mpaka sinia limeondolewa. Kaka naye hajaliacha lake: amemwambia awafungishe ndoa wale wawili kabla ya Ramadhani.